Maelekezo ya njia kwa dereva wa lori yanaandikwaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni karani wa usafirishaji, bado mgeni kazini, kwenye kampuni ndogo ya malori hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita tulipeleka mbolea kwa mteja wa Njombe, dereva hakuwahi kufika kwake. Nilimwandikia hivi: "Chukua barabara ya Morogoro mpaka Makambako, kata kushoto kwenda Njombe. Ukipita mjini, mbele kidogo utaona sheli, ingia barabara ya vumbi mkono wa kulia, nenda mpaka kwenye mti mkubwa, ghala liko hapo karibu na duka. Ukipotea piga simu." Dereva akaingia barabara siyo, semi ikashindwa kugeuka, akapiga rivasi gizani, tairi za tela zikazama mtaroni mpaka asubuhi. Bosi anasema maelekezo yangu ni mabovu. Mimi naona dereva hakuwa makini. Nani mwenye kosa, na maelekezo mazuri yanaandikwaje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kosa ni lako zaidi kuliko la dereva, ila usivunjike moyo, maana ulichoandika ndicho ambacho karibu kila mtu angeandika. Hayo ni maelekezo ya kumpa shemeji anayekuja kukutembelea kwa bodaboda. Shemeji akipitiliza anageuza palepale, anamuuliza muuza vocha, anarudi. Semi ina urefu wa mita 16 hivi, kichwa na tela, na mifuko 600 ya mbolea ya kilo 50 ni tani 30 juu yake. Ikishaingia kwenye barabara ya vumbi ambayo magari mawili madogo yanapishana kwa shida, haigeuki tena mpaka ikute uwanja. Dereva wako alipogundua kwamba amepotea alikuwa yuko ndani tayari.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu jiulize: katika safari hii, ni wapi ambapo kosa halirudishiki? Hapo ndipo pa kuandika kwa kirefu. Kwingine pita haraka. Kutoka Dar mpaka Njombe ni karibu kilomita 700, na sehemu za namna hiyo huenda zisizidi tatu au nne, nyingi zikiwa kwenye kilomita chache za mwisho. Wewe maneno yako uliyagawa sawasawa njia nzima, ndiyo maana pale palipohitaji aya nzima paliambulia "mbele kidogo".

Tuanze na barabara kuu. Dereva aliyezoea barabara ya Zambia hahitaji kuambiwa kwamba Chalinze haingii kulia kwenda Segera, wala kwamba Msamvu ananyoosha kuelekea Iringa badala ya kukata kulia kwenda Dodoma. Anajua mwendo wa ndani ya hifadhi ya Mikumi, anajua Kitonga inapandwa kwa gia gani, mizani za Vigwaza, Mikese na Wenda anazijua kuliko wewe unavyoijua njia ya kwenda nyumbani kwako. Ukimwandikia hayo, mstari wa kwanza tu ataona unamfundisha kazi, atakunja karatasi aiweke juu ya dashibodi, na ule mstari wa maana ulio chini hatausoma. Kwa kipande hiki andika yale tu yaliyobadilika: daraja lililokatwa na mvua, mchepuko wa ujenzi, au mzigo ambao nyaraka zake zina jambo la pekee la kuonyeshwa mizani. Kama dereva ni mgeni wa barabara yenyewe, huyo mwandikie ukurasa wake wa barabara kuu, ukae mbali na huu wa kufika kwa mteja.

Makambako uliandika vizuri. Ni pale anapoacha barabara kuu, kuna bango, na kushoto ni kushoto. Baada ya hapo ndipo ulipomwacha.

"Ukipita mjini." Mji unaishia wapi? Wewe unafikiria nyumba ya mwisho, yeye anafikiria stendi. "Mbele kidogo" kwa mtu anayetembea kwa miguu ni hatua mia mbili, kwa dereva aliyetoka Dar ni kilomita tano. "Utaona sheli." Alipokuja kujitetea kwa bosi nina hakika alisema, "Niliambiwa sheli, nikaona sheli." Na alisema kweli. Mji wowote ulio kwenye barabara ya lami una sheli kadhaa, na mwenye kituo akibadilisha kampuni rangi na jina vinabadilika huku wenyeji wakiendelea kupaita kwa jina la zamani. Halafu "mti mkubwa". Kijana wangu, umempeleka mtu kwenye mkoa wa mipaini, mikaratusi na miwati, ukamwambia atafute mti mkubwa!

Alama nzuri ina sifa mbili: haihami, na inaonekana kutoka juu kwenye kiti cha dereva akiwa kwenye mwendo. Daraja, tuta la reli, mnara wa simu, kanisa lenye mnara, shule yenye kibao barabarani, makutano yenye bango la serikali. Kibanda cha mama lishe hakifai, bango la tangazo halifai, gari bovu lililolala pembeni halifai hata kama limelala hapo tangu mwaka juzi. Kuna alama moja ambayo makarani huisahau na madereva wote wanaiona, nayo ni kibao cha 50, kile cha kikomo cha mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Hakuna dereva wa lori Tanzania asiyejua pale kibao cha 50 kinapoanza na pale kinapokwisha, kwa sababu trafiki wanajua pia. Ukimwambia "kibao cha mwisho cha kumaliza 50 ukitoka mjini", umempa sehemu ambayo macho yake yangekuwepo hata bila wewe. Ila fikiria na saa atakayofika. Mnara wenye taa utaonekana usiku, shule haitaonekana. Na Njombe kuna asubuhi ambazo ukungu unameza kila kitu kilicho mbali na lami, hapo kinachobaki ni kilomita.

Kilomita zihesabiwe kutoka alama ya karibu, zisihesabiwe kutoka Dar. Mwambie aweke tripu, yaani kihesabu kilomita cha safari kilicho kwenye dashibodi, sifuri mahali fulani, kisha mhesabie kutoka hapo. Ukisema "kilomita 708 kutoka bandarini", mchepuko mmoja tu, au kuingia sheli mara mbili, hesabu imeharibika.

Sasa kona yenyewe. Kila kona ambayo kosa lake halirudishiki ipe ishara tatu. Ya kwanza inakuja kabla, ili apunguze mwendo na akae upande unaotakiwa. Gari lenye tani 30 halisimami kwa kushtukia. Ya pili ni ya kona. Ya tatu ni ile inayomwambia kwamba amepitiliza, pamoja na mahali pa kugeuzia. Watu wengi huandika ya pili peke yake. Ya tatu ndiyo ingekuokoa mwezi uliopita, kwa sababu dereva mwenye wasiwasi asiyejua kama amepita au bado, mwishowe huingia kwenye barabara ya kwanza inayofanana na maelezo.

Nitakuandikia mfano. Alama na vipimo nimevibuni ili uone umbo lake tu. Vya kwako utavipima mwenyewe.

GHALA LA MTEJA, NJOMBE. Mbolea, mifuko 600. Wanapokea saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Usiingie barabara ya vumbi usiku, wala mvua ikiwa inanyesha. Lala mjini.

1. Makambako: kata KUSHOTO, bango la Njombe na Songea. Tafuta pa kusimama. Mpigie mpokeaji, kisha soma namba 2 hadi 5.

2. Njombe mjini: nyoosha, uelekeo wa Songea. Kibao cha mwisho cha kumaliza 50: weka tripu sifuri.

3. Kilomita 6: shule ya msingi, kushoto. Punguza mwendo.
Kilomita 6.8: kata KULIA, barabara ya vumbi. Mkabala wake, kushoto, kuna mnara wa simu.
UKIONA daraja lenye kingo za chuma, umepitiliza. Usigeuze darajani. Endelea hadi kilomita 9, uwanja wa magogo kulia, geuzia hapo. Ukirudi mnara utakuwa kulia na barabara yako KUSHOTO. Kona itakuwa finyu, tanua.

4. Barabara ya vumbi, kilomita 2.3. Kwenye kilomita 1 kuna njia panda: nyoosha. Ya kushoto ni nyembamba, haina pa kugeuzia.

5. Geti la bluu, KULIA. Ndani kuna nafasi ya kugeuza semi. Geti likiwa limefungwa subiri nje, barabarani hapo panatosha gari kupita.

Simu: mlinzi wa geti, mpokeaji, karani.

Hapo chini weka namba zao, na tarehe uliyoandika. Angalia kwamba barabara yote ya Dar mpaka Makambako haimo kabisa, wakati kilomita tisa za mwisho zimechukua karibu karatasi nzima. Angalia pia nilivyoandika "saa 2 asubuhi". Usiandike 2:00 wala 08:00 kwenye karatasi ya dereva. Mmoja atasoma saa ya Kiswahili, mwingine ya Kizungu, na mzigo utafika geti likiwa limefungwa.

Umeona nilivyosema akirudi kona itakuwa finyu. Hili watu wa ofisini hawalijui kwa sababu wanaendesha magari madogo. Huku kwetu tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kona ya kushoto ndiyo iliyobana: kichwa kikikata mapema, tairi za nyuma za tela zinapita ndani zaidi na kupanda ukingo, kuingia mtaroni au kugonga nguzo ya geti. Dereva analazimika kutanua kwanza kulia, mara nyingi mpaka kwenye njia ya wanaokuja. Kona ya kulia ina nafasi, ingawa lazima asubiri magari ya mbele yapite. Kwa hiyo unapopanga njia ya kufika kwenye geti lililo kwenye mtaa mwembamba, angalia kama kuna namna ya kulifikia likiwa kulia. Wakati mwingine kuzunguka kilomita mbili ni bora kuliko kubomoa ukuta wa mteja.

Ukija kuandikia safari za nje, jambo hili linageuka. Zambia na Malawi wanaendesha kushoto kama sisi, lakini Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Lori likivuka Rusumo kwenda Kigali, au Kabanga kwenda Bujumbura, au Kasumbalesa kwenda Lubumbashi, kona finyu inakuwa ya kulia, na kipilefti kinazungukwa kinyume na ulivyozoea. Huko usiandike "kwenye kipilefti kushoto" tu. Andika "toka ya tatu, bango la sehemu fulani", ahesabu mwenyewe kwa mzunguko wa huko.

Kimo cha gari nacho. Mbolea ya mifuko haina shida hiyo, lakini siku utakayopewa kontena uliza ni la aina gani. La kawaida lina kimo cha mita 2.59, lile refu mita 2.90. Sakafu ya tela iko kama mita moja na nusu kutoka chini. Kwa hiyo moja linakupa mita 4.1 hivi na lingine 4.4, na tofauti hiyo inatosha kuvuta waya za umeme za mtaani zilizolegea. Barabara kuu hutapata tabu, tabu iko kule kwenye mtaa wa mteja. Na ukisikia njiani kuna daraja la mbao au kalavati jipya, uliza uzito linaoruhusu kabla ya kuuliza kingine chochote. Gari lililopita mizani zote za barabara kuu bila faini bado linaweza kuvunja kidaraja cha kijiji.

Utasema: mimi niko Dar, Njombe sijawahi kufika, haya yote nitayajuaje? Utamuuliza mteja, lakini namna ya kuuliza ndiyo kazi. Ukimuuliza "Lori linafika kwako?" atakujibu "Linafika, hamna shida", kwa sababu anataka mzigo wake, na kwa sababu kwake hata Canter, kilori kidogo, ni lori. Muulize hivi: gari kubwa la mwisho kuingia hapo lilikuwa na tairi ngapi? Liliingia mwezi gani? Liligeuzia wapi? Maswali hayo matatu yatakueleza zaidi ya nusu saa ya maelezo mengine. Akisema ilikuwa semi, iliingia Agosti, na iligeuza uwanjani ndani, umeshajua kwamba kiangazi panaingilika, na kwamba masika itabidi uulize tena, maana udongo ule mwekundu ukilowa ni jambo jingine kabisa. Akisema hakumbuki, chukulia kwamba haijawahi kuingia.

Kisha mwombe jambo moja: kijana wa bodaboda apande kutoka lami mpaka getini, mwingine nyuma yake akirekodi video kwa simu, wakitaja kilomita kwa sauti. Ni hela ya nauli ya bodaboda tu. Utaona upana, utaona waya, utaona matope, na utaona kama ile "njia panda ndogo" ni kubwa kuliko barabara yenyewe. Picha za setilaiti kwenye simu zinasaidia kupima umbali na kuona kama uwanja unatosha kugeuza, lakini huenda zilipigwa kabla ya ukuta wa jirani kujengwa.

Kuhusu pini ya WhatsApp, itumie, ila usiitegemee peke yake. Mteja mara nyingi huituma akiwa amekaa nyumbani kwake au dukani mjini, ndiyo maana unatakiwa kumuuliza, "Sasa hivi umesimama getini?" Omba pini mbili, moja ya pale barabara ya vumbi inapoacha lami na nyingine ya geti. Ile ya kwanza ndiyo muhimu kwa lori. Na iwe ya mahali palipo, isiwe ile ya kumfuatilia mtu akitembea, kwa sababu hiyo huisha baada ya muda aliochagua, na haizidi masaa manane. Ukinakili namba za ramani kwa mkono, usiache alama ya kutoa. Dar es Salaam iko kwenye -6.8, 39.2, ukiandika 6.8 bila alama ile, simu itampeleka dereva Ethiopia. Tarakimu nne baada ya nukta zinakufikisha ndani ya mita kumi na kitu, tatu zinaweza kukuweka mita mia kutoka getini.

Njia inayochorwa na ramani ya simu ni ya gari dogo. Inapenda njia za mkato, haijui tela, haijui mvua ya jana. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina vibao vya majina na namba za nyumba, navyo vinafaa sana kwa mlinzi na mpokeaji kuthibitisha kwamba gari limefika penyewe. Dereva aliye juu kwenye kichwa, akitafuta kona jioni, kibao kidogo cha mtaa hatakisoma.

Ukishaandika, usimtumie tu na kunyamaza. Chapisha kwa herufi kubwa, kila tendo mstari wake, karatasi moja. Kutumia simu huku unaendesha ni kosa, na magari mengi siku hizi hayana utingo wa kumsomea dereva, kwa hiyo kata maelezo yako kufuatana na mahali atakaposimama kwa vyovyote. Ndiyo maana kwenye mfano nilimsimamisha Makambako: pale anakunywa chai, anasoma, anapiga simu akiwa bado yuko kwenye lami. Ule mstari wako wa "ukipotea piga simu" uhamishie hapo. Apige kabla ya kuingia, kwa sababu huko ndani huenda hata mtandao haupo.

Kabla hajaondoka mkalishe akusomee yeye, kwa heshima. Kama ni mtu mzima kwako usimuulize "Umeelewa?", atasema ndiyo. Sema, "Mzee, hebu nisaidie kuangalia kama nimekosea, hapa baada ya mji utafanyaje?" Atakapositasita, mstari huo uandike upya papo hapo.

Na huyo dereva aliyelala mtaroni, acha kugombana naye. Katika kampuni yenu yote yeye peke yake sasa ndiye anayeijua barabara ile, pamoja na ile isiyo yenyewe. Mtafute leo, umuulize ni wapi hasa alipoanza kuwa na mashaka, aliona nini kushoto na kulia, na kama angejua kwamba amepitiliza angegeuzia wapi. Andika majibu yake kwenye karatasi mpya, weka tarehe, ile ya zamani ichane ili asije akapewa mwingine. Mzigo wa pili ukipakiwa, mpe yeye aupeleke kama zamu inaruhusu, na akirudi chukua peni ukae naye tena, maana alama mbili tatu zitakuwa zimeshabadilika.